Blanketi la Siku Tisa

Baba alirudi kutoka hospitali siku ya Alhamisi, mchana, saa ambayo kwa kawaida angekuwa karakanani, nami nikajua kabla hajafungua mdomo. Hakupitia mlango wa mbele. Alizunguka nyuma, akaingia uani, akanawa mikono kwenye ndoo kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaja kusimama mbele ya mama aliyekuwa ameketi mkekani akipepeta mchele. Akamwambia kwamba picha imeonyesha kifua kikuu, pande zote mbili, na kwamba atapelekwa hospitali ya kifua huko bara, milimani, kwa gari la moshi la Jumamosi ya wiki inayofuata. Mama aliuliza swali moja tu: atakaa huko muda gani? Baba akasema mwaka, pengine zaidi. Mama akaendelea kupepeta mchele.

Nilikuwa na miaka kumi na sita. Tuliishi Usagara, mjini Tanga, katika nyumba ya vyumba sita ya bibi mmoja Mdigo, na sisi tulipanga vyumba viwili vya nyuma, karibu na ua. Baba alikuwa Mbondei, seremala katika karakana ya reli. Mama alikuwa Mshambaa, lakini aliiacha milima akiwa mtoto mdogo, wazazi wake walipoteremka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge upande wa Maramba. Huko ndiko baba alikomkuta. Walizaa watoto wanne, nikabaki mimi.

Dresa, yule msaidizi wa daktari, alikuwa amempa baba maagizo, naye aliyarudia kwetu akiyakunjia vidole asisahau hata moja. Mama awe na kikombe chake na sahani yake. Makohozi yatemewe kwenye kopo lenye dawa na mfuniko. Mimi nihame chumba cha mama, nilale kwenye kile kingine. Tusikae naye uso kwa uso. Na mwisho, kama jambo dogo tu, aende na blanketi zito, kwa kuwa hospitali hutoa moja tu kwa kila mgonjwa, na huko madirisha hayafungwi usiku wala mchana. Hewa ile ya baridi ni sehemu ya dawa.

Tanga, nani alikuwa na blanketi zito? Sisi tulikuwa na lile la kijivu la baba, lililochakaa hata ukilianika juani unaona mnazi wa jirani kupitia katikati yake. Yale ya madukani yalikuwa ya pamba nyepesi, ya kumfunika mtoto wakati wa kipupwe. Nikasikia sauti yangu mwenyewe ikisema, "Mimi nitamfumia."

Baba akanitazama. "Kwa siku tisa?"

"Kwa siku tisa."

Sikuwa nimefikiri. Nilichotaka ni kuwa na jambo la kufanya, papo hapo, kabla sijalazimika kumtazama mama usoni.

Kufuma nilijua. Katika shule ya wasichana ya misheni sista mmoja alitufundisha kroshia, nasi tulitengeneza vitambaa vya meza, vya migongo ya viti, vya kufunika jagi la maji, vyenye shanga pembeni ili upepo usivipeperushe. Uzi ulikuwa wa pamba, mwembamba, na sindano ilikuwa ya chuma, nyembamba kama njiti ya kiberiti, yenye kindoana kidogo nchani. Kitambaa cha ukubwa wa sahani kilinichukua wiki mbili. Kwa mwendo huo mama angekwenda, angepona na kurudi, nami bado nafuma upande wa miguuni.

Na uzi wenyewe uko wapi? Tanga nzima ilikuwa nyuzi. Malori yalipita kutwa na marobota ya mkonge kwenda bandarini, na singa zake zilinasa kwenye kila ua na kila mti wa njiani. Lakini mkonge haumpi mtu joto, unamwasha tu. Sufu ndiyo ilikuwa shida.

Ijumaa asubuhi baba aliomba ruhusa kazini, akaenda sokoni kwa mzee mmoja aliyeuza mitumba, nguo za kafa-ulaya. Alirudi na sweta tatu: moja ya kijani kibichi, moja ya kahawia, na moja ya rangi ya damu ya mzee, iliyoliwa na nondo makwapani. Akaniuliza nataka sindano ya namna gani. Nikamwonyesha kidole changu cha shahada, nikamwambia nene kama hiki. Alikata tawi la mpera, akalichonga pale pale uani, akalitoa ndoana nchani kwa kisu kidogo, akalisugua kwa kigae cha chupa na kisha kwa msasa, mpaka likawa halikwaruzi hata ukilipitisha shavuni. Alinikabidhi akarudi karakanani. Baba alikuwa mtu wa namna hiyo. Akiwa na majonzi mikono yake hutafuta ubao.

Nami nilikuwa binti yake. Niliketi kizingitini nikakata mishono ya mabega, nikaitafuta ncha ya uzi, nikavuta. Sweta iliyovaliwa na Mzungu fulani nisiyemjua ikaanza kufumuka mstari kwa mstari, uzi ukitoka umejikunja kama nywele zilizotoka kufumuliwa misuko. Niliufua, nikauanika kwenye kamba nikiufunga mawe upande wa chini ili unyooke. Lakini sikuweza kungoja ukauke. Kila baada ya muda mfupi nilikwenda kuugusa, nikarudi, nikakaa, nikainuka tena. Mama alikuwa ameketi kwenye kivuli cha ukuta, hatua kumi kutoka kwangu, akinifuata kwa macho.

"Kaa, mwanangu," alisema. "Uzi haukauki kwa kutazamwa."

Nikajibu ndiyo mama, nikaenda kuugusa tena.

Nilipoanza, nilikamata nyuzi mbili pamoja, nikaziingiza kwenye ndoana ile nene ya baba, nikafuma vitanzi virefu, vile ambavyo sista alituambia ni vya watu wavivu. Nilishangaa. Mstari ambao kwa uzi mwembamba ungenila asubuhi nzima, sasa uliisha kabla chai haijapoa. Ukafuata wa pili, wa tatu. Kufikia Jumamosi jioni nilikuwa na kipande kinachofunika magoti yangu.

Hapa nimtaje bibi mwenye nyumba, kwa kuwa bila yeye blanketi lile lisingekuwapo. Mumewe alikuwa amefariki miezi miwili kabla, naye alikuwa amekaa eda, nguo nyeupe tupu, asitoke nje ya nyumba mpaka miezi minne na siku kumi zitimie. Huyu alikuwa mwanamke ambaye hakupitwa na harusi wala maziko, anayejua bei ya samaki ya kila siku kwa kuwa alikwenda mwenyewe. Sasa alikuwa akitembea kutoka mlango wa mbele hadi ua wa nyuma, na kutoka ua wa nyuma hadi mlango wa mbele, mara arobaini kwa siku, ukumbi mzima ukisikia ndara zake. Akichoka kutembea alikaa akasuka ukili, zile kanda za mkindu za kushonea mikeka, kwa kasi ambayo macho yalishindwa kuifuata.

Baba ndiye aliyemwendea kumweleza ugonjwa wa mama, kwa heshima, akitazamia tutaambiwa tuhame. Mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa amekwisha hamisha jiko lake na kuligeuzia mgongo la kwetu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya kusikika nyumba nzima: "Maradhi ni ya Mungu na nyumba ni yangu. Asiyeridhika, mlango si huo?" Hakuna aliyehama.

Jumapili, baada ya ibada, mama aliniomba nimsuke nywele. Alitaka misuko ya kulala nyuma, midogo, itakayodumu, kwa kuwa huko aendako hajui kama atapata mtu wa kumsuka. Nikamwambia nitamsuka nikimaliza mstari niliokuwa nao. Nikaumaliza, nikaanza mwingine. Jumatatu akaniuliza tena, nikamwambia kesho. Alikuwa na kitana mapajani, amekwisha zifumua nywele zote zikasimama, na alikaa hivyo na kichwa chake kikubwa kama cha mtu aliyetoka usingizini. Jumanne hakuuliza.

Nilijiambia kwamba blanketi ndilo lililokuwa na haraka, nywele zingengoja. Wakati ule niliamini hivyo.

Jumatano ndiyo siku iliyonivunja. Nilikuwa nimefuma kwa siku tano mfululizo, nimefika zaidi ya nusu, na sikuwa nimelitandaza hata mara moja kwa kuogopa kupoteza muda. Bibi alipita katika safari zake za ukumbini, nikamwamkia, "Shikamoo bibi," akaitikia marahaba, akasimama. Akaniambia nilitandaze mkekani alione. Nikalitandaza. Akalizunguka upande huu, akalizunguka upande ule.

"Mwanangu," alisema, "hii ni sambusa."

Ilikuwa sambusa kweli. Upande nilioanzia ulikuwa mpana wa kumtosha mtu na mtoto wake, na upande niliofikia haukufunika hata mabega. Kila mwisho wa mstari, kwa haraka yangu, nilikuwa naacha kitanzi kimoja. Kitanzi kimoja hakionekani. Vitanzi hamsini vilikuwa vimekula theluthi ya blanketi.

Mama naye alikuja akatazama, akasimama mbali kidogo kama alivyoambiwa, mtandio mdomoni. Akasema niliache hivyo hivyo, miguu yake ndiyo huona baridi, na mabega yake siku hizi ni membamba. Alisema kwa mzaha, kunipa nafasi ya kucheka. Mimi nikalinyakua kutoka mkekani, nikashika ncha ya uzi, nikavuta. Nilivuta kwa hasira, mstari baada ya mstari, siku tatu za kazi zikirudi kuwa uzi, na nikiwa navuta nilimwambia mama maneno ambayo mpaka leo sijui yalitoka wapi. Nilimwambia kama asingekuwa anaugua nisingekuwa nafanya haya.

Mama akaingia chumbani. Hakufunga mlango, aliurudishia tu.

Bibi hakunigombeza. Aliketi chini, akajikusanya katika nguo zake nyeupe, akanyoosha mkono. "Nionyeshe," alisema. Nikamwambia hii si ukili, bibi. Akasema vidole ni vidole. Nikampa ile sindano ya mpera, nikamwonyesha mnyororo wa kwanza, namna ya kuzungusha uzi, kuingiza ndoana, kutoa, kuzungusha tena. Alikosea mara mbili. Mara ya tatu alikuwa anafuma. Mchana ule nilikwenda karakanani mwenyewe kumwomba baba achonge sindano ya pili, na kufikia saa kumi tulikuwa wawili, kila mmoja na kipande chake, tumekubaliana tutaviunga katikati.

Alihesabu vitanzi vya kila mstari kwa sauti ya chini, na alinitaka nami nihesabu. Nilipoanza kukimbia alinipiga goti kwa kiganja. Yeye mwenyewe hakutulia. Mguu wake mmoja ulikuwa ukicheza muda wote chini ya nguo, kama unatembea peke yake kwenda sokoni. Lakini mikono haikukosea. Aliniambia tangu mumewe afariki, hiyo ndiyo mara ya kwanza kuliona jua limetua bila yeye kuliangalia likishuka.

Alhamisi, kabla ya adhuhuri, sufu ikaisha. Sweta tatu zilikuwa zimekwisha zote, na bado palikuwa na pengo la upana wa mikono miwili. Baba alikuwa kazini. Nilikwenda sokoni mbio. Mzee wa kafa-ulaya alikuwa na makoti na suruali, sufu ya kufumuka hana. Nikaingia maduka matatu ya Wahindi, nikaonyeshwa uzi wa pamba na uzi wa hariri. Nilirudi nimelowa jasho, nikamwambia bibi basi, tutapachika kipande cha lile la kijivu la baba.

Bibi aliinuka akaingia chumbani mwake, nikasikia kifuniko cha kasha. Alipotoka alikuwa na fulana nzito ya sufu, ya buluu ya giza, yenye shingo ndefu. Marehemu mumewe alikuwa ametia makaa kwenye meli za Wazungu alipokuwa kijana, akafika nchi za barafu, na fulana hiyo alirudi nayo. Hakuwahi kuivaa Tanga hata siku moja, lakini kila mwaka aliianika juani, akaikunja akairudisha na karafuu ndani yake.

Nilimwambia siwezi kuichukua. Akasema sikuichukua, ameitoa yeye, na mirathi imekwisha gawanywa, hiyo ni haki yake. Nikashika mkasi ili nikate mshono wa bega. Akaniondolea mkasi mkononi.

"Hii nitaifumua mwenyewe," alisema.

Akaifumua. Ilimchukua muda mrefu, kwa kuwa ilikuwa imefumwa imara na uzi wake ulikuwa na mafuta ya zamani. Alivuta taratibu, akizungusha uzi kwenye kiganja, na karafuu zilizokauka zilikuwa zikidondoka mapajani mwake. Hakulia. Alipofika kifuani alisimama kidogo, akaikunjua iliyobaki, akaitazama, akaendelea. Hatukuufua uzi ule. Hapakuwa na muda, naye hakutaka.

Ijumaa alasiri tulianza kuunga vipande. Hapo tukaona jambo jingine: kipande changu kilikuwa kimelegea, laini, chenye matundu ya kupitisha kidole, chake kilikaza kama mkeka, kwa sababu ndivyo mikono yake ilivyozoea. Mshono wa katikati ulijipinda kama njia ya nyoka na haukulala chini hata tuliposimama juu yake. Nilitaka kulia. Bibi akasema upande uliokaza mama autie kifuani, upande uliolegea autie miguuni, kwani mgonjwa analala juu ya rula?

Pakabaki pindo la kuzunguka. Nilikuwa nimekwisha anza upande wa kwanza mama alipotoka chumbani na kitana chake, akaketi kwenye kigoda, akanipa mgongo. Hakusema nisuke. Alikaa tu na nywele zake zile zilizosimama tangu Jumatatu. Nilimwona. Nikaendelea kufuma, haraka zaidi, macho yangu kwenye ndoana.

Bibi alinitazama kwa muda. Kisha akaiweka chini sindano yake, akasogeza mkeka nyuma ya mama, akaketi karibu kabisa, magoti yake yakigusa mgongo wa mama, akachukua kitana. Mama alishtuka, akasema bibi, maradhi haya yanaambukiza. Bibi akamwambia ageuzie kichwa kushoto. Akamsuka mistari mpaka jua likashuka nyuma ya ukuta, mstari mmoja mmoja, wa kunyooka, kama ukili. Mama alikuwa amefumba macho. Hapana mtu aliyekuwa amemgusa tangu Alhamisi ya wiki iliyopita.

Bibi alipokwenda kuswali tukabaki wawili.

"Unanikimbia," mama alisema. Hakugeuka.

"Nafuma blanketi lako, mama."

"Najua. Unanikimbia huku umekaa."

Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa. Sikuogopa tu kwamba atakufa. Hilo ningeweza kulisema, lina heshima yake. Niliogopa pumzi yake. Kila asubuhi nilikuwa nikikohoa kwa makusudi nikisikiliza kifua changu. Kikombe chake nilikiosha kwa majivu mara tatu, kisha nikaosha mikono yangu. Blanketi lile zito, lililojaa mapajani mwangu, lilikuwa ukuta niliojijengea, na kila mtu mtaani alikuwa akinisifu kwa kulijenga.

Jumamosi asubuhi bibi alitusindikiza hadi mlango wa mbele, akasimama ndani ya kizingiti ambacho hakuruhusiwa kukivuka, akamshika mama mikono yote miwili. Kwenda stesheni baba alibeba kasha, mimi nikabeba blanketi, na nilikuwa bado nafuma pindo upande wa nne, nikitembea, kibonge cha uzi wa buluu kikiwa kwapani. Nilifuma kwenye benchi. Nilifuma gari lilipopiga honi ya kwanza. Baba, aliyekuwa akimsindikiza mama mpaka huko, alinyoosha mkono dirishani akaniambia nilete. Nikamwambia bado kidogo, ncha moja tu. Gari likashtuka, likaanza kwenda. Nikalisukuma blanketi ndani kupitia dirishani pamoja na uzi, na sindano ya mpera ikiwa imening'inia kwenye kitanzi cha mwisho. Mama alilipokea. Nikamwona uso wake kwa ukamilifu kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na kichwa chake kizuri kilichosukwa, kisha gari likamchukua.

Niliporudi nyumbani nilishindwa kukaa. Nilifagia ua. Nikafua nguo ambazo zilikuwa safi. Bibi alikuwa akitembea ukumbini kama kawaida yake, na siku ile tulitembea sote wawili, tukipishana.

Mama alikaa huko mwaka mmoja na miezi minne. Alichomwa sindano nyingi mpaka, kwa maneno yake, akawa halali upande wowote. Barua zake aliandikiwa na mgonjwa mwenzake, mwalimu wa kike kutoka Upare, na ndizo zilizotuambia kwamba ncha ile ya pindo aliimaliza mwenyewe, mwalimu alimfundisha. Kisha akafuma kofia, akafuma soksi za watu wa wodi nzima. Barua hazikusema lolote juu ya blanketi, nami nikachukulia kwamba lilikuwa likifanya kazi yake.

Alirudi amenenepa, mweupe usoni kama watu wa baridi. Alipofungua kasha alinionyesha. Wauguzi walikuwa wakichemsha matandiko yote ya wodi kwenye mapipa, na sufu haichemshwi. Blanketi lilikuwa limesinyaa likawa na ukubwa wa mswala, nene kama ngozi, rangi zimeingiliana. Alisema lilimpa joto miezi miwili kabla ya pipa, na miezi hiyo miwili ndiyo iliyokuwa migumu. Baada ya hapo alilikalia. Bibi, ambaye eda yake ilikuwa imekwisha zamani na sasa haonekani nyumbani, aliliomba, akalipata, akaliweka juu ya kiti chake cha ukumbini.

Daktari alitaka mama akae mahali penye hewa, mbali na msongamano. Baba akaacha karakana, tukahamia Maramba kwa mjomba, ndugu wa mama, aliyekuwa na shamba la mahindi na karanga. Huko ndiko nilikomweleza. Tulikuwa tunapalilia, jua halijawa kali, naye alikuwa mbele yangu kidogo. Nilikuwa nimebeba maneno yale kwa karibu miaka miwili, na yalipotoka yalitoka yote kwa mkupuo: kikombe, majivu, kikohozi cha asubuhi, nywele.

Mama aliendelea kupalilia mpaka nikamaliza. Kisha akaegemea jembe.

"Niliona," alisema. "Ulidhani sioni? Dada yangu alishikwa na ndui tukiwa kambini, shamba lile la mkonge la huko chini. Mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea uji. Niliuweka mlangoni nikakimbia. Siku ya tatu nikauona wa jana yake bado upo pale, umefanya ngozi."

Nilimwuliza kama dada yake alipona. Akatikisa kichwa.

"Kwa hiyo wewe sikukulazimisha," alisema. "Mtu aliyelazimishwa kumkaribia mgonjwa, mgonjwa anajua."

Hakusema amenisamehe, wala sidhani kama alifikiri kuna cha kusamehe. Aliniuliza kama nimeacha maharage motoni. Nilikuwa nimeyaacha. Nikatupa jembe nikakimbilia nyumbani, na nilipofika yalikuwa yamekauka, yameanza kuungua upande wa chini. Tulikula hivyo hivyo, pamoja na mjomba, kwenye sinia moja. Mama alikuwa upande wangu, bega lake likigusa langu. Alisema yana harufu ya moshi, akala mara mbili.